Oili ni ya Nani?

"Cheni tena, bosi."

Kaka yangu huniita bosi akiwa na habari mbaya tu. Siku nyingine zote mimi ni mdogo wake, mtoto wa baba yake mdogo, niliyemwachia Vitz aendeshe kati ya Ikuti na Tukuyu ili mimi nikae Dar es Salaam nisome shahada ya uzamili. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi 14. Nilikuwa maktaba, nikatoka nje kuongea. Sikumuuliza kama yuko salama. Nilimuuliza itakuwa shilingi ngapi.

Nieleze mapema ninachogombana nacho. Nagombana na sentensi moja ambayo kila mwenye gari dogo la petroli anaijua: "gari limekula cheni." Au "cheni imekufa." Ukisikiliza jinsi watu wanavyosema, utadhani cheni ya taiming ni ng'ombe mgonjwa, anajifia zizini usiku na hakuna wa kulaumiwa. Hapo ndipo kila mtu hutoa nadharia yake. Vitz si gari la milimani. Spea za siku hizi ni feki. Injini za silinda 3 ni za kwendea sokoni huko Japan. Jirani mmoja alimnong'oneza kaka kwamba biashara yake imewauma watu. Nimezisikia zote, na nyingine nimezirudia mwenyewe kwa sauti ya mtu aliyesoma. Leo nasema zote ni njia za kukwepa jambo moja, kwamba cheni zile tatu tuliziua sisi wenye gari, mimi nikiwa wa kwanza.

Cheni hiyo inakaa ndani ya injini, mbele, imefunikwa. Kazi yake ni kuunganisha mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni na ule wa juu unaofungua na kufunga valvu, ili kila valvu ifunguke kwa wakati wake. Tofauti na mkanda wa mpira, ambao kwenye Toyota nyingi za zamani ulibadilishwa kila kilomita 100,000, cheni haina kilomita maalumu. Ndiyo maana wauzaji husema ni ya maisha. Hawasemi kwamba maisha hayo ni ya oili. Cheni inaogea oili ya injini. Kile kifaa kinachoikaza isilegee, mafundi wetu wanakiita tensheni, nacho husukumwa na presha ya oili hiyohiyo. Oili ikiwa chafu, uchafu unasaga viungo vya cheni kimoja kimoja. Chuma hakivutiki kama mpira. Kila pini inapoteza unyoya tu wa unene wake, na pini zikiwa nyingi cheni nzima imerefuka. Oili ikipungua, tensheni haina wa kuisukuma. Cheni inacheza, inapiga kifuniko, na siku moja inaruka jino.

Sasa ongeza Ikuti. Aliyewahi kulala Rungwe mwezi wa Juni au Julai anajua asubuhi zake: ukungu umekaa kwenye mashamba ya chai, maji ya kunawa yanauma vidole. Saa 11 alfajiri kaka anawasha gari. Ndani kuna oili nzito, ile namba 40 inayouzwa rejareja kwa sababu ni rahisi, wakati mtengenezaji alitaka nyepesi, 5W-30 au chini yake. Oili nzito kwenye baridi inatambaa. Kabla haijafika kwenye tensheni, injini imeshazunguka mara nyingi na cheni imelegea. Ule mlio wa sekunde chache, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, kaka aliusikia kila alfajiri kwa wiki kadhaa. Aliniambia. Nilimjibu kwa ujumbe ambao bado uko kwenye simu yangu: "Likipata moto si linanyamaza? Ongezea tu oili, usimwage."

Vitabu vya Toyota vya soko la Japan huwaambia wenye magari ya petroli yasiyo na tabo wamwage oili kila kilomita 15,000 au kila mwaka, kinachotangulia. Watu wa kwetu hupenda kunukuu hapo na kuishia hapo. Kitabu kinaendelea: kama gari linatumika kwenye mazingira magumu, gawa kwa mbili. Na mazingira magumu kwao ni barabara mbovu, njia za milima, safari fupifupi za kusimama na kuondoka. Nilipoisoma orodha hiyo nilicheka peke yangu. Ilikuwa ratiba ya kaka ya Jumatatu hadi Jumamosi, bado hawajahesabu mikungu ya ndizi kwenye buti wala abiria wanne nyuma na wawili kiti cha mbele.

Mara ya kwanza fundi alibadilisha cheni peke yake, kwa sababu mimi nilikataa kununua tensheni na vile vipande vya plastiki vinavyoiongoza. Shilingi 190,000. Mara ya pili tulinunua cheni mpya na tensheni iliyotoka kwenye injini ya mtumba, 230,000. Fundi alinung'unika, akafunga. Mara ya tatu gari lilizima kwenye kilima jioni, mvua ikinyesha. Cheni ilikuwa imeruka. Ndani alikuwemo mama aliyetoka kliniki Tukuyu na mtoto mgongoni. Alishuka akatembea na wenzake gizani, khanga juu ya kichwa cha mtoto. Valvu hazikugongana na pistoni, bahati tu. Fundi alipofungua bakuli la oili alichota tope jeusi kwa kijiko akampigia picha kaka, kaka akanitumia bila neno lolote. Kichujio kidogo mdomoni mwa bomba linalofyonza oili kilikuwa kimezibwa nusu. Cheni mbili mpya zilikuwa zimeogeshwa kwenye tope lile.

Nilichofanya baada ya picha ile ndicho kinachonifanya niandike. Nilimpigia baba mkubwa, nikamwamkia vizuri kwa Kinyakyusa, kisha nikamwambia nataka kumnyang'anya mwanawe gari. Nilisema hafuatilii oili. Nilisema huenda fedha ya oili anaila. Baba mkubwa alilima chai miaka yake yote na hajawahi kumiliki hata pikipiki. Alikaa kimya kidogo, akauliza: "Kwenye makubaliano yenu, oili ilikuwa ya nani?"

Sikuwa na jibu. Makubaliano yetu yalikuwa neno moja: hesabu. Shilingi 15,000 kila siku, siku 26 kwa mwezi, gari liwe na abiria au lisiwe nao. Petroli yake, tairi zangu. Oili haikutajwa. Akimwaga kwa fedha yake, siku hiyo anarudi nyumbani mikono mitupu. Akiniomba mimi, namuuliza mbona juzi juzi. Basi ananunua lita moja ya kuongezea, kijiti kinaonyesha imefika kwenye alama, mwezi unapita.

Nimepiga hesabu ile nyingine, ambayo bosi hapendi kupigiwa. Gari linakwenda kama kilomita 120 kwa siku, yaani zaidi ya 43,000 kwa miezi ile 14. Tungemwaga kila kilomita 5,000 tungemwaga mara 8. Dumu la oili sahihi na filta ni 65,000, jumla 520,000. Tulimwaga mara mbili, na mara zote mbili ni kwa sababu injini ilikuwa imeshafunguliwa. Matengenezo matatu yalikula 900,000, maana la tatu pekee, seti nzima na kusafisha, lilikuwa 480,000. Gari lililala gereji siku 31. Siku hizo kaka hakuwa na kipato, na mimi, aibu yangu, niliziandika kwenye daftari kama deni lake.

Najua wenye magari wenzangu watasema madereva ni waongo, ukiwapa fedha ya oili wanakupigia picha ya dumu la jana. Wapo. Lakini mfumo unaomwadhibu dereva kila anapolitunza gari utawapata waongo hata pasipokuwapo. Na tusijifiche nyuma ya fundi. Fundi wetu alitaka seti nzima tangu mara ya kwanza; aliyemkatalia alikuwa kwenye simu Dar es Salaam. Walimu, manesi, watumishi, sisi wanachuo wenye Passo na bodaboda vijijini, tunajua kupokea muamala wa saa 2 usiku kuliko tunavyojua rangi ya oili ya chombo kinachotuletea muamala huo. (Serikali nayo hututoza kodi ya uchakavu, asilimia 30 kwa gari lililovuka miaka 10. Uchakavu tunaoutengeneza wenyewe baada ya bandari hautozwi chochote.)

Wanaosema "tupa injini, weka nyingine ya mtumba" nao wanioneshe kwanza daftari lao la oili. Injini ile ya pili itaogea wapi?

Tumeandikiana upya, karatasi moja, baba mkubwa akiwa shahidi. Oili ni yangu. Kila kilomita 5,000 gari linasimama, na siku hiyo haina hesabu. Kijiti kinapimwa kila Jumatatu kabla ya kuwasha. Deni la siku 31 nimelifuta, ingawa kaka aliposikia hakushukuru, alisema tu "sawa". Ameacha kuniita bosi, lakini na "mdogo wangu" bado hajairudisha; kwa sasa ananiita kwa jina.

Juzi alinitumia sauti ya sekunde 20, alfajiri, gari likiwashwa kwenye baridi. Niliisikiliza mara nne nikitafuta misumari kwenye kopo. Nilisikia jogoo, mlango ukifungwa, na mwanamke akiuliza kama kiti cha mbele kina mtu.