Mifano Mitano Haitoshi

Wakati wa masomo ya jioni wenzangu wengi husema, "Kanuni hii nimeijaribu mara tano; ni kweli." Mimi sikubaliani nao. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hata muhula uliopita nikakosa alama zote za swali moja, kwa kuwa nilitoa mifano mahali palipotakiwa uthibitisho.

Pierre de Fermat wa Ufaransa, bingwa wa hesabu, alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ukitoa 1 katika kila namba, utaona kila jibu ni mraba wa lililotangulia. Basi mwaka 1640 akaamini kwamba ifuatayo, 4,294,967,297, ni tasa pia. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa yagawanyika kwa 641, na jawabu ni 6,700,417.

Ikiwa bingwa alikosea, sembuse sisi? Wenzangu, tutafute sababu. Nanyi walimu wetu, tuulizeni sababu hata jibu likiwa sahihi. Mwenye shaka na achukue karatasi, agawanye mwenyewe.