Mtoto wa Benchi la Nyuma



Kila mwaka, masomo yanapokwisha, wazazi hujaa katika kiwanja cha shule kusikiliza pointi za watoto wao. Jina la kwanza laitwa: makofi na vigelegele. La pili, la tatu: makofi tena. Kisha orodha yashuka mpaka chini kabisa, na makofi yageuka kicheko. Mtoto wa mwisho ainamisha kichwa. Mama yake ajificha nyuma ya wenziwe. Halafu watu warudi nyumbani wakisema sikukuu ilikuwa nzuri. Sisi twasema: haikuwa nzuri. Na twataka desturi hiyo ife katika shule za Kikatoliki.

Msifikiri ni jambo la siku moja tu. Kicheko cha siku ile kilianza tangu Septemba. Wepesi wa kufahamu waliwekwa mbele, wazito wakapelekwa nyuma. Maswali yote yaulizwa mbele. Wa nyuma akikosea, aitwa punda, na wenzake walichukua jina hilo mpaka nyumbani. Akisema Kiswahili mahali pa Kifaransa, katika shule nyingine huvikwa shingoni kile kitu waitacho «symbole», naye hukaa nacho mpaka amkamate mwenzake aliyekosa vilevile. Hivyo mtoto amejifunza mambo mawili: kunyamaza, na kumpeleleza ndugu yake. Je, kwa hayo tulijenga shule?

Tukumbuke shule hizi zimetoka wapi. Mwaka 1906 Kiti Kitakatifu kilipatana na Serikali ya Kongo ya wakati ule juu ya misioni na shule zao. Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ya Mobutu iliamua kuzitwaa. Mwaka 1977 ililirudishia Kanisa kazi ya kuziongoza, kwa mapatano yanayozifanya ziitwe «conventionnées» hata leo. Katika taabu ya miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa waalimu sawasawa, wazazi ndio waliowalisha, kwa pesa za muhogo na makaa. Halafu mwaka 2019 Serikali ilianza kutimiza neno la Katiba ya mwaka 2006, kwamba shule ya msingi ya watu wote iwe bila malipo. Watoto wa maskini wakaingia kwa wingi, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini mtoto aliyefunguliwa mlango ili akae nyuma miaka sita pasipo kuulizwa neno, amepokewa kweli? Zamani alifukuzwa kwa sababu ya pesa. Leo afukuzwa kwa aibu, naye yumo ndani ya kalasi.

Tunajua watakavyotujibu. Tuwasikilize mmoja mmoja.

Wa kwanza wasema: «Aibu humwamsha mvivu. Samaki mkunje angali mbichi.» Methali ni ya kweli, lakini mkunjaji mwenye hasira huvunja samaki, na aliyevunjika hakunjiki tena. Tazameni watoto wenyewe. Mwenye kuogopa kuchekwa haulizi asichofahamu. Siku ya mtihani hunakili kwa jirani. Siku ya hesabu huugua tumbo. Mwishowe huacha shule, nasi twasema hakupenda masomo. Aibu haikumfundisha kujua. Ilimfundisha kuficha kwamba hajui. Mganga atamponyaje anayeficha kidonda?

Wa pili wasema: «Akili ni zawadi ya Mungu. Aliyenyimwa, tufanyeje?» Hao wausome tena mfano wa talanta. Mtumishi aliyepewa mbili hakukemewa kwa kuwa hakuleta zile za mwenye tano. Alileta mbili nyingine, naye Bwana akamsifu kwa maneno yaleyale aliyomsifia mwenziwe. Ndiyo hesabu ya Evanjili: kila mmoja hupimwa kwa alichopewa. Katika hesabu ya kiwanja cha shule, mtoto aliyeanza bila kujua herufi moja, akamaliza akisoma sentensi, huchekwa kwa kuwa ni wa thelathini na nane. Kwa Bwana wake amezidisha talanta zake.

Tena nani alitupa ruhusa ya kusema huyu amenyimwa? Yohane Maria Vianney alishindwa na Kilatini mpaka seminari ya Lyon ikamrudisha. Paroko mmoja, Padri Balley wa Écully, hakumwita punda. Alimfundisha mwenyewe, polepole, nyumbani kwake. Mwaka 1815 Vianney akapewa upadri. Mwaka 1925 akatangazwa mtakatifu. Mwaka 1929 akawekwa kuwa msimamizi wa maparoko wa dunia nzima. Kama Padri Balley angekuwa na desturi zetu, Kanisa lingekosa Paroko wa Ars.

Wa tatu wasema: «Bila ukali juu ya lugha, watoto hawatajua Kifaransa.» Nasi twataka wajue Kifaransa, tena kizuri. Lakini Mtakatifu Yohane Batista de La Salle, ambaye mwaka 1950 Papa Pio XII alimfanya msimamizi wa waalimu, aliwafundisha watoto wa maskini kusoma kwanza Kifaransa, lugha yao, kabla ya Kilatini. Watu wa wakati wake walishangaa, watoto wakasoma. Na sheria ya masomo ya Kongo ya mwaka 2014 yakubali lugha zetu za taifa katika kalasi za kwanza. Mtoto anayeelezwa kutoa na kuzidisha kwa Kiswahili huyafahamu, kisha huyachukua mpaka katika Kifaransa. Mtoto anayefungwa mdomo hana cha kuchukua.

Wa nne ni waalimu wenyewe, nao twawasikiliza kwa heshima. Wasema: «Nina watoto sabini, mshahara ni mdogo na wachelewa. Mwanitaka nini tena?» Shida yao ni ya kweli; migomo ya mwaka 2021 na 2024 haikutoka katika uvivu. Lazima Serikali iwalipe, na kuidai haki hiyo ni kazi ya Wakristu wote, si ya waalimu peke yao. Lakini, ndugu waalimu, tunayoomba hayaongezi hata franka moja. Kumwita mtoto kwa jina lake la ubatizo kwahitaji mshahara gani? Kumtukana je, kwapunguza watoto sabini wawe thelathini?

Basi, tusiishie katika kulaumu. Tunaziomba kamati za wazazi, madirekta na maparoko wakate mashauri haya kabla ya Septemba.

Kwanza: viti vibadilishwe kila mwezi, na asiyeona vema au asiyesikia vema akae mbele daima. Wangapi wameitwa wajinga, kumbe hawauoni ubao!

Pili: kila aliyefahamu somo apewe mwenzake mmoja wa kumsaidia. Anayefundisha hujifunza mara mbili, na mwalimu wa watoto sabini atapata wasaidizi thelathini.

Tatu: «symbole» itupwe motoni, na majina ya wanyama yakomeshwe.

Nne: siku ya matangazo, wasifiwe walioshinda na waliopanda kuliko mwaka uliopita. Buletini ya aliyeshindwa apewe mzazi wake mkononi, na mwalimu amweleze la kufanya.

Tano: parokia ifungue chumba chenye taa jioni. Watoto wengi hawana mwanga nyumbani. Sisi makatekista tunaomba kazi hiyo. Tuko tayari kukaa nao mara tatu kila juma.

Na ninyi wazazi, msicheke tena. Huyo mnayemcheka ni yule kondoo mmoja, ambaye mchungaji aliwaacha tisini na tisa ili amtafute. Mchungaji hakusimama mbele ya kundi kutangaza kwamba mmoja amekuwa wa mwisho. Alitoka, akamtafuta, akamweka mabegani. Shule inayobeba jina la mtakatifu ukutani, nayo yawaacha watoto wake nyuma, ifanye moja kati ya mawili: ibadili desturi, au ifute jina.