Saa 48 kwa Kazi ya Saa 2
Katika taasisi yenye klasta, yaani kundi la kompyuta zilizounganishwa na kutumiwa na watafiti wengi, mtafiti huandika faili fupi linalotaja idadi ya prosesa, kiasi cha kumbukumbu na muda anaouhitaji, kisha hulikabidhi kwa programu ya kupanga foleni, kama vile Slurm, iliyoanzia katika maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani. Wengi, kwa kuogopa kazi kukatizwa muda ukiisha, huomba saa 48 kwa kazi ya saa 2, na hapo hujipunja wenyewe (wenzao pia), kwa kuwa programu hiyo huchomeka kazi fupi katika mianya inayosubiri kazi kubwa, nayo hutazama muda ulioombwa, si utakaotumika. Anayelalamikia foleni na aukague kwanza mstari wa muda katika faili lake.