Wimbo Umepita, Mwenyewe Kazuiliwa Mlangoni

Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya hakujaza fomu yoyote. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Gitaa likapigwa, mashine ikanasa, basi. Tangu siku hiyo wimbo wake “Masanga” umepita milango ya wasomi wa muziki bila kubisha hodi. David Rycroft aliuchambua upigaji wa Mwenda nota kwa nota katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962. John Low alikuja huku Katanga kuwatafuta wapiga gitaa wa enzi hiyo, na kitabu chake, Shaba Diary, kikachapwa Austria mwaka 1982. Sauti zenyewe zimetunzwa Afrika Kusini, katika maktaba aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Hadithi ya madini yetu mnaijua, sitairudia. Ninauliza tu: mtafiti wa leo anayekaa Kenya, nasema Kenya ya kwetu, komini ya Lubumbashi, siyo nchi, yeye atapita mlango gani?

Maana wito wa mikutano ya kimataifa ya wasomi wa muziki huja umepambwa. Sauti zilizonyamazishwa, elimu isiyo ya kikoloni, urithi urudi kwa wenyewe: maneno matamu yote yamo. Kisha unafungua fomu. Muhtasari usiozidi maneno 300, kwa Kiingereza, mara mojamoja kwa Kifaransa. Taasisi yako. Barua pepe ya taasisi yako. Pembeni ya kisanduku kuna kinyota chekundu, na ukikiacha kitupu fomu haisogei. Mpiga karindula wa Lubumbashi ataandika nini hapo? Anajua kulikata pipa la mafuta, kuliwamba ngozi ya mbuzi, kulifunga mkono mrefu wa mbao na kukaza nyuzi nne mpaka kiwanja kizima kiitikie. Vincent Kenis alipokuja kuwarekodi wapiga karindula, kazi ikatolewa na Crammed Discs ya Brussels mwaka 2011, kisanduku cha taasisi hakikumzuia mtu. Ujuzi ule ulitosha kuuzwa. Kwa kujieleza wenyewe ndipo hautoshi?

Haya, tumwache mpiga karindula, najua nitaambiwa mkutano ni wa wasomi. Tumchukue asistanti wa chuo kikuu. Ana shahada, Kiingereza chake kinapita, na pendekezo lake limekubaliwa. Hapo ndipo mchezo unapoanza. Vyama vikubwa, likiwemo lile baraza la kimataifa la mila za muziki na ngoma lililoanzishwa London mwaka 1947, vinamtaka mtoa mada awe mwanachama aliyelipia. Juu yake inakuja ada ya mkutano. Mara nyingi yote hulipwa mtandaoni, kwa kadi ya benki, kabla ya tarehe fulani, la sivyo jina linafutwa kwenye ratiba. Kwetu pesa hutembea kwenye simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kwa hiyo kadi anaazima kwa shemeji aliyeko Ulaya. Akishalipa, ndipo barua ya mwaliko inatoka. Akiwa na barua, ndipo anaomba viza, na viza za nchi nyingi haziombwi hapa, zinaombwa Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,500, na habari ya barabara usiniulize. Ndege ya kwenda, chumba cha kungojea, ndege ya kurudi. Tangu Juni 2024 ombi la viza ya Schengen ni euro 90, na ukinyimwa hazirudi. Na ada ya mkutano? Katafute yale maandishi madogo kabisa chini ya ukurasa.

Tazameni nani amebebeshwa hatari katika mpangilio huu. Profesa wa Ulaya au Marekani, ambaye ofisi yake inalipa kila kitu, hapotezi hata senti mkutano ukimwendea vibaya. Asistanti wa Lubumbashi anaweka mshahara wake mezani kabla hajajua kama ataruhusiwa hata kupanda ndege. Huo si uzembe wa karani fulani. Ni utaratibu, mtu amekaa akauandika, kamati ikaupitisha.

Kuna punguzo kwa nchi maskini, watasema. Lipo, na ni jambo jema, ila punguzo la ada halikati tiketi. Basi shiriki kwa intaneti, watasema tena. Aliyewahi kuwa Katuba, komini nyingine ya kwetu, umeme ulipokatika jioni, data zikiwa zimebaki kidogo, hawezi kusema hivyo. Na hata umeme ukiwaka usiku kucha, kazi ya mkutano inafanyika kwenye chai, pale mhariri wa jarida anapokushika bega akakwambia umtumie makala. Skrini haialikwi chai.

Na sisi tusijifanye yatima. Mheshimiwa anayetoa bahasha nene ili jina lake liimbwe kwenye mabanga, zile sifa za kulipiwa ndani ya nyimbo, huyohuyo hana tiketi moja ya kumpeleka kijana akaueleze muziki. Kampuni za migodi zina pesa za fulana na kofia. Rumba ilipoingia orodha ya UNESCO Desemba 2021, Kinshasa na Brazzaville zilishangilia, nasi tukashangilia nazo. Nani aliingia ofisini kesho yake kuandaa faili la gitaa la Katanga? Ningependa kumjua, nimpe mkono.

Siombi sadaka. Barua ya mwaliko itoke siku pendekezo linapokubaliwa, bila kudaiwa hata franka. Ada ilipwe mtu akishapata viza. Muhtasari upokewe kwa Kiswahili, lugha aliyoimbia Mwenda, na asiyeandika apeleke sauti iliyorekodiwa: watu wanaoishi kwa kuchambua masimulizi ya mdomo hawatashindwa kusikiliza dakika tatu. Tena mkutano wenyewe uje. Mkutano mkuu wa baraza lile umeshafika Legon, Ghana, mwaka 1966 na 2023, na Durban mwaka 2009, Lubumbashi bado. Waje, tutawapokea vizuri. Ada watalipa kwa Airtel Money, mada wataandika kwa Kiswahili kisichozidi maneno 300, na viza ya Kongo waanze kuihangaikia mapema, kwa sababu barua yetu ya mwaliko nayo lazima kwanza izungushwe ofisi kwa ofisi ipigwe mihuri.