Watoto wa Masako wajifunze sayansi ndani ya msitu wa Masako

Sisi wa barabara ya zamani ya Buta tumezoea kuona wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wakishuka kwenye pikipiki na mitego ya panya, kamba za kupimia na madaftari. Wanaingia hifadhi ya Masako, karibu kilometa 14 kutoka mjini, pale mto Tshopo unapojipinda. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1953 na ina zaidi ya hekta 2.000. Vitabu vingi vya kumaliza masomo vimeandikwa juu ya panya wake, ndege wake na miti yake, kama vile limbali.

Lakini mtoto wa kijiji anayejua panya hao kwa majina ya kwao, akifika darasani anafundishwa biolojia kwa ubao na chaki. Hata mimi nilisoma hivyo: nilipata alama nzuri juu ya sehemu za jani bila kushika jani hata moja, na miti ilikuwa imejaa nje ya dirisha!

Maoni yangu ni haya: chuo kikuu na viongozi wa elimu wa jimbo wakubaliane kwamba kila kundi la watafiti linaloingia Masako lipokee darasa moja la sekondari, hata nusu siku. Watoto wapime mashina ya miti. Wahesabu panya walionaswa kwenye msitu mzito na wale wa kichaka cha mashamba ya zamani, kisha wajiulize kwa nini hesabu hazifanani. Kazi hiyo haiombi umeme wala mashine.

Watu watasema pesa haiko. Ni kweli, masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi. Sekondari wazazi wanalipa. Kwa hiyo familia zilizokimbia mapigano ya Wambole na Walengola tangu 2023 zisiombwe hata faranga moja kwa safari hiyo. Watoto wao pia wamekulia karibu na msitu. Hapo wangesema wanachojua mbele ya wenzao wanaowaita wageni.

Na msitu haungoji, unakatwa kwa ajili ya mashamba na makala. Matokeo ya watafiti yanabaki mjini, kwa Kifaransa. Mzazi anayechoma makala hajawahi kusomewa ukurasa hata mmoja. Mwanawe angeweza kumwelezea jioni, kwa lugha ya nyumbani.

Walimu mnaosikiliza, masomo yanaanza tena Septemba. Ni shule gani itakuwa ya kwanza kuandika barua?