Mtoto Hakatwi Kwenye Video kwa Sababu ya Shilingi 300

Wazazi wa Kakuma, walimu, na nyinyi vijana wenzetu wenye kamera, tusomeni mpaka mwisho kabla ya kututukana.

Siku hizi kila shule ikifunga kuna hii biashara. Kijana anakuja na kamera, anapiga darasa zima, anaenda kuzipanga picha kwa laptopu: moja baada ya nyingine, majina chini, wimbo nyuma. Mzazi anapewa kwa flashi au anatumiwa WhatsApp. Bei shilingi 300. Biashara yenyewe hatuipingi, wengine wetu ndiyo inatulisha. Kuchaji tunalipia, bando tunalipia. Anayesema kijana afanye bure, aanze yeye kufundisha bure.

Tunachopinga ni kukata watoto. Iko video ya mwaka jana, shule hatuitaji: darasa la watoto karibu 90, kwenye video wako kama 30. Wengine mama zao hawakulipa. Halafu ikachezwa siku ya kufunga, mbele ya wote, na mtoto amekaa chini kwa mchanga akingoja uso wake upite. Haukupita.

Wanatujibu ati, "Asiyelipa aingie kwa nini?" Haya, tupige hesabu. Picha umeshapiga. Kuongeza uso mmoja ni dakika chache kwa laptopu. Kutuma kwa bluetooth hakuli bando. Kwa hivyo huyo mtoto hakukatwa kwa sababu ya gharama. Alikatwa ili mama yake aone aibu, mwaka ujao alipe. Hapo si kuuza tena, ni kumbana mtu kupitia kwa mtoto wake, na huyo mama mgao wa chakula umeshapunguzwa.

Na mnajua picha kwa watu wetu ni nini. Mtu aliyetoka Kivu au Bor usiku hakubeba albamu. Wako wazazi hapa hawana hata picha moja ya utoto wao, wala ya marehemu baba. Mtoto ndiye wa kwanza nyumbani mwao kuwa na picha ya shule, nawe unamfuta!

Tena kuna hii ya kuposti TikTok ili kuvuta wateja: uso wa mtoto, jina lake, na jina la shule. Wako watu hapa wanaogopa kujulikana waliko, na wana sababu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na haikuandika "isipokuwa wakimbizi". Mwalimu mkuu kuitikia kwa kichwa si idhini. Mzazi aulizwe mwenyewe, kwa Kisomali, kwa Kidinka, kwa Kirundi, kwa lugha anayoisikia.

Sisi tunataka video moja ya darasa, watoto wote ndani, wenye uwezo wachange. Faida itafutwe kwenye picha za kusafisha za mtoto mmoja mmoja. Hizo zina karatasi na wino, kila mtu anaelewa zinauzwa. Na kama shule inakula fungu lake, itaje mbele ya wazazi.

Wapiga picha wa kikundi chetu wanaanza hivyo muhula huu. Na wewe wa ile video ya watoto 30, wale 60 bado unao kwa laptopu yako. Mama zao wako hapa hapa, wengine bloku moja na wewe. Wapelekee.