Uchovu Usioondoka kwa Usingizi
Jumatatu, kwenye kituo cha kuuzia majani chai karibu na Kebirigo, karani alimwita mama mmoja mara tatu achukue risiti yake. Hakusikia. Alikuwa ameketi kando ya kikapu kitupu, macho barabarani. Aliniambia analala vizuri, ila anaamka amechoka, na siku hizi hata sauti za wanawe zinamkera. Bonasi ya chai hulipwa Oktoba; karo ya shule haingoji. Sisi wa Kisii na Nyamira tuna haraka ya kumwita mtu kama huyo mvivu, na neno hilo linaniuma. Huenda si uvivu: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa unaweza kumaliza nguvu za mtu. Mkimwona mtu kama huyo nyumbani, mwambieni, "Mama, pumzika, leo nachuma mimi." Asipopata nafuu, msindikizeni hospitalini.